Ufa uliorudi mara tatu kwenye chesisi ya guta

"Fundi, limekatika tena, hapohapo pembeni ya kiraka." Ilikuwa mara ya tatu mwenye guta kunirudia. Mara mbili za kwanza nilichomelea juu ya ufa, nikabandika fletiba (bapa la chuma) kama kiraka, nikamwambia sasa limepona.

Alikuwa ameniomba chesisi nyepesi ili abebe tofali nyingi zaidi. Badala ya paipu yenye unene wa milimita 3 niliweka ya 1.5, ya chuma chenye nguvu zaidi, nikiamini nguvu hiyo itafidia wembamba. Haifidii. Unene ukipungua nusu, mkazo, yaani mzigo unaobebwa na kila kipande cha chuma, karibu unakuwa maradufu, na kwenye maungio ya kuchomelea mkazo maradufu hupunguza maisha hadi kama sehemu moja ya nane. Ufa huanzia kwenye ukingo wa mshono, na hapo chuma ghali na chuma cha kawaida huchoka karibu sawa. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alilionyesha jambo la msingi tangu miaka ya 1860: ekseli huvunjika kwa mzigo mdogo unaorudiarudia, mzigo ambao ukija mara moja tu hauidhuru.

Safari hii nilikata kipande kilichovunjika nikakiangalia juani. Upande mmoja ulikuwa laini na umeshika kutu, upande mwingine umeparuza, unang'aa. Basi ufa ulikuwa unatembea kwa wiki kadhaa kabla ya kukatika! Kutu nzito zaidi ilikuwa mwisho wa fletiba yangu, mahali nilipopitisha welding kukingama paipu; hapo ndipo ufa ulipoanzia. Kiraka changu ndicho kilichouzaa.

Nilirudisha paipu ya milimita 3 kwenye sehemu zinazobeba. Upande wa pili wa chesisi ulikuwa na ufa mchanga: nikapaka mafuta ya taa, nikapangusa, nikanyunyiza unga wa chaki, na mstari mwembamba kama unywele ukajichora. Nikatoboa tundu la milimita 6 kwenye ncha yake ili usisonge mbele, nikauchimba wote kwa grenda, nikachomelea upya na kusawazisha mshono hadi kidole kipite bila kukwama. Viraka nikavikata ncha za mshazari, na nchani sikuchomelea.

Sasa kila Jumamosi tunalikagua. Juzi alipaka mafuta mwenyewe, akapangusa, akanyunyiza chaki, tukainama wote wawili kusubiri. Ilibaki nyeupe.