Siku snea yangu ilivyonyamaza chini ya brashi

Yalikua mazoezi ya mwisho kabla ya shoo, tuko wanne tu, kinanda, besi, dada mwimbaji na mimi kwenye drami, na wimbo wenyewe ni ule wa taratibu sana ambao kati ya moja na mbili unaweza kuvuta pumzi na kuitoa. Nimeshika brashi za waya, mkono wa kushoto unazungusha, wa kulia unadonoa, nimeinama kabisa juu ya snea, ile ngoma ndogo yenye waya zilizotandazwa chini yake. Katikati ya ubeti wa pili dada akasimamisha, akageuka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, umeshaingia?"

Nilikua nimeingia toka mwanzo.

Mi nilikulia kwenye bendi za kelele, ndo ukweli. Miaka yote hiyo snea yangu ilikua ya kupigwa na stiki, tena kwa nguvu, kwa hiyo wiki mbili kabla ya hapo nilikua nimeivalisha ngozi ya kazi nzito, ya tabaka mbili, ile inayoonekana kama kioo, na katikati ina duara lingine limebandikwa ili isitoboke haraka. Kwa stiki ilikua safi sana, mlio mfupi, umeshiba, siku nzima unapiga na haibonyei. Ila kwa brashi, waya zilikua zinateleza tu juu yake. Nikidonoa inasikika tap, afu kimya, afu tap, na kwenye wimbo wa taratibu kile kimya katikati ndo kila mtu anapotelea. Watu wasiopiga hawajui hili: brashi nusu ya kazi yake sio kupiga, ni kufagia. Ule mchakacho unaoendelea bila kukatika ndo unamwambia mwimbaji mapigo yako wapi, madonoa ni alama tu juu yake.

Nikadhani shida ni mikono yangu. Nikaanza kukandamiza brashi zaidi, waya zikajikunja na kutawanyika, mchakacho haukuongezeka hata kidogo, kilichoongezeka ni kelele za madonoa. Nikatoa waya zaidi kwenye mshikio zitanuke, wapi. Nikabadilisha hata namna ya kuzungusha, badala ya duara nikawa nafagia kulia kushoto, na jasho linanitoka maana shoo ni kesho kutwa.

Mzee wa kinanda alikua ananiangalia tu. Kumbe ujana wake alipiga drami miaka mingi kabla hajahamia kwenye kinanda. Akanyanyuka, akachukua karatasi moja ya noti, akailaza juu ya snea yangu, akasema, "Fagia hapo." Nikafagia. Shhhhhh. Chumba kizima kikasikia, mpaka mpiga besi akacheka kwa furaha. Mzee akasema, "Mikono yako haina shida, mwanangu. Ngozi yako haina cha kukwaruza."

Hiyo sentensi sijaisahau mpaka leo.

Tukamalizia mazoezi na ile karatasi nimeibana na selotepu pembeni, afu wenzetu walipoondoka mzee akabaki ananieleza. Mwalimu wake yeye alijifunzia kwenye ngozi halisi ya ndama, kitu chenye nyuzinyuzi ambacho waya zinashika zenyewe, shida yake hali ya hewa tu, kukiwa na unyevu inalegea, kukiwa kukavu inakaza, unatuni jioni na katikati ya shoo imeshabadilika. Miaka ya 1950 plastiki ikaingia, Mmarekani Remo Belli akaanzisha kampuni yake ya ngozi hizo, Remo, mwaka 1957, na tatizo la unyevu likaisha. Lakini plastiki tupu ni laini, haina ukali wowote, kwa hiyo ngozi ya brashi kwa kawaida ni ile iliyopakwa, yenye utando mweupe wa chengachenga juu. Mi nilikua nazijua hizo nyeupe maisha yangu yote, nikadhani weupe ni urembo. Kweli kabisa, sikuwahi kujiuliza kwanini nyeupe.

Kesho yake tukakutana ukumbini mchana, hamna mtu. Mi nimekuja na ngozi mbili mpya za inchi 14, mzee amekuja na moja ya kwake. Ya kwanza kufunga ilikua ya tabaka mbili lakini iliyopakwa, ile Remo wanayoiita Emperor, maana moyo wangu bado ulikua kwenye unene, nikawaza nitapata mchakacho na bado nitaweza kuipiga stiki nikirudi kwa wenzangu. Mchakacho ulikuwepo, sio mbaya, ila madonoa yalikua yamezibwa, kama mtu anabisha hodi kwenye godoro. Mzee akanielekeza nidonoe kwa ncha tu, kidogo sana, na hapo nikaelewa: brashi ina nguvu ndogo, ngozi nzito inahitaji nguvu kuamka, ukipiga kidogo inabaki imelala na waya za chini hazijibu.

Ya pili ilikua ya mzee, Fiberskyn, ya Remo pia, ile inayofanana na ngozi ya mnyama kwa macho, ina rangi ya krimu na mistari mistari. Jamani. Mchakacho wake laini, mzito kidogo, wa joto, nilifumba macho nikapiga kama dakika kumi bila kuacha. Nikamwambia mzee hii ndo yenyewe, tusisumbuke na ya tatu. Akasema sawa, tufunge tu ya tatu ili tusije tukajuta.

Ya tatu ilikua Ambassador, ya Remo vilevile, iliyopakwa, ya kawaida kabisa, tabaka moja, unene inchi 0.010, yani kama robo milimita. Pale nilipokaa sikuipenda. Ilikua mpya, chengachenga zake kali, mchakacho una ukali kama unakuna karatasi ya msasa, na mara mbili ncha za waya zilinikwama katikati ya duara. Nikaanza kuifungua. Mzee akasema, "Acha kwanza, nenda kaketi nyuma."

Basi nikashuka nikaenda siti ya mwisho kabisa, yeye akakaa kwenye drami, akapiga ile ile, mapigo ya taratibu, afu akafungua skrubu zote kumi, akarudisha Fiberskyn, akakaza kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili, hii na ya upande wa pili, bila haraka, akapiga tena. Kutoka kule nyuma Fiberskyn yangu niliyoipenda ilikua haipo. Nasikia madonoa, mchakacho umebaki kule kule jukwaani kwa mpigaji. Na hapo besi haijaanza, kinanda hakijaanza. Ila ile Ambassador, ule ukali ulionikera nikiwa nimekaa juu yake, ulikua unafika nyuma umeshalainika wenyewe, unasikia shhh-tap-shhh-tap na kila duara linapoanzia na linapoishia. Nilimwomba arudie mara ya pili nikidhani masikio yamenidanganya, akafungua tena, akafunga tena, yaleyale.

Sisemi Fiberskyn ni mbaya, kwenye chumba kidogo au maiki ikiwa karibu na snea ningeichukua hata leo bila kufikiri. Lakini sisi tulikua na maiki ya mwimbaji tu na ukumbi wenye siti nyingi nyuma, na nilikua nachagua kwa sikio lililo sentimita hamsini kutoka kwenye ngozi wakati watakaosikiliza wako mbali.

Baada ya hapo kazi ikawa kutuni. Juu tulikaza kuliko nilivyozoea, sio mpaka inakaba, ila mpaka brashi ikidonoa inarudi yenyewe mkononi. Ngozi ya chini hatukuibadilisha, ile ni nyembamba mno, ya kwangu ilikua inchi 0.003, na ilikua bado nzima. Kilichotusumbua ni waya za chini, besi ikipiga noti fulani zinatetemeka zenyewe zinaleta mvumo, tukazikaza kidogo mvumo ukapungua lakini mchakacho nao ukakauka, tukalegeza, tukakaza robo, mwisho tukaacha mvumo kidogo kwa sababu mzee alisema wimbo ukianza hamna atakayeusikia, na hakukosea. Chengachenga nazo nikazipunguza makali kwa kupiga tu, nilibaki pale karibu saa nzima nazungusha duara moja hilohilo, mpaka waya zikaacha kukwama.

Kabla ya kuondoka niliandika kwa kalamu ya wino pembeni ya ngozi, karibu na ringi, BRASHI TU. Nilishaona za marafiki zangu, stiki zinakula ule utando mweupe pale katikati mpaka panabaki upara unaoteleza, na upara ukishaingia duara lako linasikika nusu, likifika katikati linazimika.

Siku ya shoo tulifungua na wimbo uleule. Dada aliimba ubeti wa kwanza amenisogelea kidogo, nadhani alikua bado na wasiwasi na mimi, na sikumlaumu. Ubeti wa pili ulipoanza, palepale aliposimamisha mazoezi, sikunyanyua macho kwenye snea, nilikua nasikiliza duara tu. Nilichosikia ni sauti yake inashuka. Alikua ameisogeza maiki mbali na mdomo, anaimba kwa chini, karibu kunong'ona, chini kidogo ya mchakacho, na ukumbi mzima umetulia.