Hofu Iliyokuwa Miguuni

Katika miaka yangu ya mwanzo kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, niliandika neno "wasiwasi" katika faili la mama mmoja mtu mzima mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ambaye tangu aanze kudungwa sindano za haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo, alikuwa haketi wala halali, akienda na kurudi kati ya vitanda hadi wenzake wakalalamika. Nilimwongezea dozi nikiamini ugonjwa unapanda, naye akazidi kuhangaika. Siku ya tatu daktari bingwa alivuta kiti karibu naye, akamwamkia, kisha akamuuliza, "Mama, hiyo hali inayokusumbua iko moyoni au iko miguuni?" Akajibu bila kusita, "Iko miguuni, baba. Moyo wangu hauna neno."

Ilikuwa akathisia, yaani mwili kushindwa kutulia kwa sababu ya dawa zenyewe tunazotumia kutibu saikosisi, yaani hali ya kupoteza mguso na uhalisia. Dozi ilipopunguzwa na propranololi, dawa ya kutuliza hali hiyo, ikaanzishwa, baada ya siku chache aliweza kukaa kitako na kumaliza kikombe cha chai. Kosa lile bado naliona zito, kwa kuwa nilikuwa nikimwongezea kilekile kilichokuwa kikimtesa.

Neno wasiwasi limebeba mizigo mingi katika lugha yetu. Tunamwita hivyo anayeshikwa ghafla na kiherehere cha moyo akadhani anakufa, hali inayofikia kilele katika dakika chache. Tunamwita hivyo anayehangaikia kila jambo kwa miezi, na hata yule anayerudia kutawadha mara kumi kwa shaka isiyoisha. Mwongozo wa DSM-5 wa kuainisha magonjwa ya akili, uliotolewa Marekani mwaka 2013, uliutenga ugonjwa huu wa mwisho, pamoja na ule unaofuata tukio la kutisha, katika sura zao, mbali na ile ya wasiwasi, nami naona ni sawa, maana tiba zao hazilingani kwa kila kitu.

Wengi wetu hutumia dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006, lenye maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita na jumla ya alama 21, ambapo kufikia 10 ni ishara ya kuchunguza zaidi. Nalithamini, lakini swali lake mojawapo linauliza kama mtu hatulii kiasi cha kushindwa kukaa, na mama yule angepata alama zote za swali hilo bila kuwa na hofu yoyote. Vivyo hivyo mgonjwa anayesikia sauti zikimtishia kumuua anaweza kujaza alama za juu kabisa, na kumbe anachohitaji kwanza ni sauti zile zitulizwe. Alama hupima ukubwa wa mateso. Chanzo chake lazima tukitafute kwa mazungumzo.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kutoa dodoso, naandika kwanza tarehe ya sindano ya mwisho na dozi yake, kisha namuuliza ndugu aliyemleta ni lini mgonjwa alikunywa pombe mara ya mwisho, kwa sababu kutetemeka na kutokwa jasho siku 2 au 3 baada ya kulazwa huenda kukawa ni mwili unaoidai pombe, hali inayoweza kuua. Naishika shingo kutafuta uvimbe wa tezi, natazama kama ndani ya kope na viganja vimepauka kwa upungufu wa damu, nahesabu mapigo ya moyo. Halafu nauliza lile swali la moyoni au miguuni, na nasubiri jibu.