Spamd ilikuwa inakufa kila asubuhi, kumbe muuaji nilikuwa mimi

Jamani wiki mbili nimeteseka na hiki kitu. Natumia SpamAssassin kwenye kompyuta yangu ya mezani ya Linux kuchuja imeili, na kila asubuhi nikiwasha, dakika tano nyingi, spamd (sehemu yake inayokaa nyuma ikichuja) chali. Inboksi imejaa matangazo ya dawa na urithi wa mamilioni. Naiamsha, inajikongoja, chali tena.

Nikauliza watu. Wa kwanza: piga Linux upya. Yaani hata logi (kumbukumbu za mashine) hajaiona anakwambia ubomoe nyumba kisa kitasa! Wa pili akasema weka kron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kuiristati kila dakika 10. Hiyo nikaiona ya kijanja, nikaandika skripti kwa madaha, mistari minne, nikajiona fundi mkuu. Siku tatu diski ikajaa. Diski! Kwa kuchuja imeili?

Ndo kuingia folda ya ~/.spamassassin nakuta mafaili ya bayes_toks.expire yamejipanga kama sitini hivi, manene. Kumbe spamd ikitaka kuondoa maneno ya zamani kwenye hifadhidata ya Bayes (kumbukumbu ya maneno inayotumia kutambua spamu) inatengeneza nakala pembeni kwanza, na yangu ni ya miaka, inachukua muda, sasa skripti yangu inakuja inaikata shingo katikati, nakala inabaki, inaanza upya, inakatwa tena... Nilicheka peke yangu kama chizi.

Na kifo chenyewe cha mwanzo? journalctl, amri ya kusoma logi, ilikuwa inasema siku zote, oom-kill, oom-kill, yaani RAM imeisha programu inauliwa, mimi sisomi. Spamd inaruhusu watoto 5 (nakala zake za kuchuja kwa pamoja) usipoigusa, imeili za usiku kucha zinashuka kwa mpigo, wote wanaamka kula, RAM yangu yenyewe ya kuungaunga, kerneli, moyo wa Linux, inachinja. Nikaweka --max-children 2, ikatulia.

Nikafuta skripti na yale ya expire tu. bayes_toks yenyewe usiiguse, ukiifuta utaifundisha upya spamu 200 na imeili halali 200 ndo Bayes ikubali kufanya kazi (piga sa-learn --backup kwanza, uwe na nakala ya akiba, mimi niliponea chupuchupu). Halafu bayes_auto_expire 0 kwenye local.cf, faili la mipangilio, isijisafishe yenyewe, na sa-learn --force-expire, amri ya kuisafisha, nimeipangia saa saba mchana nikiwa nakula.

Leo siku ya tisa iko hai. Yule wa kupiga Linux upya jana kaniuliza kama nimeshapiga.