Profesa wa San Marco

Kwetu Ngomeni, pwani ya Kenya, ukitaja San Marco hakuna atakayekuuliza ni ipi. Ni yale majukwaa ya chuma ya kurushia roketi enzi zile, yaliyosimama baharini, na ile kambi ya Wataliano ufuoni. Lakini mtaje Luigi Broglio, Mtaliano aliyeuongoza mradi huo, uone wanafunzi wangu wa fizikia watakavyokutumbulia macho.

Broglio alizaliwa Mestre, jirani na Venice, mwaka 1911. Hakuanzia kwenye roketi. Chuo Kikuu cha Roma alikuwa profesa wa miundo ya ndege: bawa linapinda vipi, bati linachokea wapi. Alikuwa pia jenerali wa jeshi la anga, na nadhani cheo hicho kilimfungulia milango ambayo profesa mtupu angebisha hadi achoke. Tarehe 15 Desemba 1964 timu yake ikarusha setilaiti ya San Marco 1 kutoka Wallops Island, Marekani, kwa roketi ya Scout waliyopewa na Wamarekani.

Mimi namhusudu kwa ile mizani yake. Setilaiti ilikuwa tufe lenye umbo jingine ndani yake. La nje ni ganda jepesi, la ndani ni zito, limebeba vyombo, na kati ya hayo mawili kuna mikono inayonesa. Hewa ya huko juu ni nyembamba mno, lakini hulikwaza ganda likasogea kidogo. Pima msogeo huo, utajua hewa ni nzito kiasi gani. Mwingine angetia kipimo ndani ya sanduku akalirusha. Huyu kaifanya setilaiti yenyewe iwe kipimo.

Kisha akataka kurushia karibu na ikweta. Sisi tuko karibu digrii 3 kusini yake, mashariki ni bahari tupu, na huku dunia inajizungusha kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inapata msukumo wa bure. San Marco 2 iliruka kutoka jukwaani hapa 26 Aprili 1967.

Watu wanaikumbuka zaidi Uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, iliyorushwa hapa 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti wake alipata Nobel mwaka 2002. Haki yake. Ila mimi nikipewa kipindi kimoja tu, nafundisha mizani.

Kidato cha tatu wameshaanza kuunda yao kwa mpira wa plastiki, gololi na springi za kalamu. Upepo tutautoa kwenye feni ya maktaba, stima ikiwapo.