Meza ya ndege Nakuru: punje za wimbi, maji, na tawi la kupigia picha

Maelekezo mengi ya kulisha ndege yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi zenye theluji. Kule, ndege mdogo hupitisha usiku wa saa kumi na tano bila kula, ndiyo maana watu humtundikia mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na mbegu. Nakuru tuko karibu na ikweta. Usiku wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na baridi ya Julai, hata ikikufanya utoe makoti yote kabatini, haigandishi udongo wala maji. Mafuta hayo yakitundikwa hapa huyeyuka juani, huchacha, kisha hupaka kifua cha ndege, na manyoya yaliyoshikana kwa mafuta hayamkingi tena na mvua wala baridi. Achana nayo.

Njaa ya ndege wa huku ina kalenda yake. Wala-mbegu kama shomoro, chiriku na mnana hushiba mvua ikikatika na nyasi kukomaa. Hupungukiwa mwisho wa kiangazi, Februari na Machi, na wiki za kwanza za mvua huwa mbaya zaidi, kwa sababu mbegu zilizobaki ardhini zinaota na mpya bado. Kama unalisha ili kusaidia, lisha wakati huo. Juni hadi Agosti weka kidogo tu, kiasi cha kuwafanya wapite mbele ya kamera.

Nunua wimbi au mtama wa kula, ule wa gorogoro sokoni. Kamwe usitumie mbegu za kupanda zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu. Rangi hiyo ni alama kwamba zimetiwa dawa, na ndege mdogo hahitaji punje nyingi ili afe. Mahindi na njugu zilizoota ukungu nazo usiwape: sumukuvu inayodhuru watu na kuku huwadhuru na hawa. Kipimo ni konzi moja, kama gramu 50, asubuhi, na iwe imeisha kabla ya saa sita. Ikibaki, kesho punguza. Punje zinazolala mezani huita panya, na panya huita nyoka. Mkate na ugali vinajaza tumbo bila kujenga mwili, na parachichi ni sumu kwa ndege wa aina nyingi, hata kama umewaona wengine wakilidonoa mtini.

Nusu ndizi iliyoiva au kipande cha papai, kikichomekwa kwenye msumari, kitawaleta shore na kuzumburu, wale wa rangi ya vumbi wenye mkia mrefu wanaoning'inia tawini kama popo. Kuzumburu wanapendeza pichani, lakini hula pia majani machanga na machipukizi. Mwenye kitalu cha sukumawiki afikirie mara mbili.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta ya maua, ni habari nyingine. Maji ya sukari yake ni kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, bila rangi na bila asali, ambayo huchacha na kuota kuvu haraka. Usitumie sukari ya kahawia wala sukari guru. Ile molasi iliyobaki ndani haimfai. Badilisha kila siku, siku mbili ukichelewa sana. Ila kusema kweli, shubiri mbili tatu na kichaka cha lantana au haibiskasi hufanya kazi hiyo bila kuoshwa.

Meza yenyewe ni fremu ya mbao ya sentimita 40 kwa 30. Sakafu iwe ya wavu wa waya, ule wa kuanikia kahawa, wenye matundu madogo, ili maji ya mvua yapite. Sakafu ya ubao mzima hushika maji, wimbi likachipua na kuoza ndani ya siku mbili. Ipandishe juu ya bomba la chuma la mita moja na nusu, na chini ya meza vika bomba koni ya mabati yenye upana wa sentimita 40 hivi. Panya na paka wataishia hapo. Iwe mita mbili au tatu kutoka kichakani. Karibu zaidi, paka ataruka kutoka humo. Mbali zaidi, ndege hawana pa kukimbilia mwewe akipita.

Beseni la maji liwe na kina cha sentimita tatu hadi tano, na jiwe la kukwaruza katikati, kwani ndege hawapendi kusimama penye utelezi. Maji yamwagwe kila siku. Yakikaa wiki nzima utakuwa unafuga mbu, na kwa walio Kisumu hilo si jambo la mzaha. Meza na beseni visuguliwe kila wiki kwa klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, visuuzwe, vikauke juani. Ukiona ndege amevimbisha manyoya, macho yamefumba, hakimbii unapomkaribia, ondoa kila kitu kwa wiki mbili. Mezani ndipo wanapoambukizana.

Sasa picha. Usipige mezani, picha ya shomoro juu ya wavu ni picha ya wavu. Funga tawi kavu, nene kama kidole, nusu mita kutoka mezani. Ndege hutua hapo kwanza, wakipanga foleni na kuchungulia kama kuna hatari, na wakati huo wametulia. Nyuma ya tawi paachwe mita nne au tano kabla ya ukuta au fensi, ili mandhari iyeyuke kuwa rangi tupu. Kamera iwe usawa wa jicho la ndege.

Kwa lenzi ya milimita 300, umbali wa mita tatu na tundu la lenzi la f/5.6, sehemu inayoonekana kali ni sentimita mbili hivi. Lenga jicho. Mdomo ukiwa mkali na jicho limefifia, picha ni ya kufuta. Kasi ya shata ya sekunde 1/1000 inatosha aliyetua, 1/2500 anayeruka. Mawingu ya asubuhi za Julai, ambayo wengi huyalalamikia, ni mwanga bora kabisa: hayana kivuli kikali. Ila anga nyeupe huidanganya kamera, ndege akatoka mweusi, kwa hiyo ongeza mwanga kwa +0.7 au +1 kwenye mpangilio wa kamera wa kufidia mwanga. Siku za jua, maliza kabla ya saa tatu. Mwenye simu aifunge kwenye stendi nusu mita kutoka tawini, abonyeze tawi kwenye kioo mpaka fokasi ijifunge, kisha apige kwa rimoti ya bluetooth akiwa mbali.

Chozi dume anataka jua mgongoni mwako. Kijani na zambarau inayometa kooni mwake hutokana na umbo la manyoya linavyorudisha mwanga, na ukikaa pembeni utapata ndege mweusi. Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, Desemba kusini, kwa hiyo tawi lililokaa vizuri Julai litahitaji kuhamishwa kabla ya Krismasi.