Nilivyobadili masega ya RX-8 hapa Mbeya

Gari ni Mazda RX-8 ya 2004, gia za mkono, injini ya rotari (rota zinazozunguka badala ya pistoni) ya cc 1,308. Taa ya cheki injini iliwaka kwa kosa P0420, yaani masega (kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi) hayafanyi kazi vizuri, eksozi ikatoa harufu ya yai viza, na kila nikipanda kutoka Mbalizi kuelekea Iwambi gari ilikuwa inakabwa.

Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo injini isiyo na tabo lazima ipoteze nguvu, na mafundi wengi wa huku wakisikia gari imechoka wanasingizia mlima. Lakini mwinuko hupunguza nguvu sawasawa, mizunguko ikiwa chini na ikiwa juu. Masega yaliyoziba huiacha gari iondoke vizuri, kisha huinyonga mizunguko ikipanda. Hii ya kwangu iligoma kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, wakati injini hiyo imeundwa kufika 9,000.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Sensa ya oksijeni ya mbele hutoka kwa spana namba 22, na tundu lake huingia adapta ya uzi wa M18 yenye geji ya presha. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), presha isizidi psi 1.5, ukishikilia 2,500, isizidi 3. Mimi nilipata 6. Hapo hakuna ubishi tena.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulipita: masega hayafi yenyewe, huuawa. Kwenye RX-8 muuaji wa kawaida ni koili, zinazozipa plagi umeme wa cheche. Ziko nne, moja kwa kila plagi, na baada ya kilomita 50,000 hivi huanza kudhoofika. Cheche ikikosekana, petroli mbichi inatoka na kwenda kuwakia ndani ya masega, yanapata joto hadi kuyeyuka. Baridi ya Juni na Julai huongeza tatizo: mtu anawasha gari asubuhi, anaisogeza mita kumi, anazima, injini inalowa petroli, na sehemu ya petroli hiyo inaishia kwenye eksozi. Tena rotari huchoma oili kidogo makusudi ili kulainisha sili, na majivu yake hujikusanya humo humo. Ukifunga masega mapya juu ya koili mbovu, umetupa hela.

Kwa hiyo nilianza na koili zote nne, nyaya zake, na plagi. Plagi za rotari si za aina moja: za chini ni RE7C-L na za juu ni RE9B-T, mbili mbili. Usizichanganye. Weka alama kwenye kila waya kabla ya kuchomoa, kwa sababu waya ukikaa pasipo pake injini itamisi (itakosa cheche) vilevile na utadhani koili mpya ni feki.

Kufungua ndiko kwenye kazi. Gari iko chini mno, nikatafuta gereji yenye shimo. Iache ipoe usiku kucha. Eksozi ya rotari ni ya moto kuliko ya injini ya pistoni. Chomoa waya hasi wa betri, toa plastiki za chini na bati za kuzuia joto. Nati za menifoldi (bomba la eksozi linaloshika injini) nilizipulizia dawa ya kutu jioni, nikarudia asubuhi. Tumia boksi spana ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inakula kichwa cha nati iliyooza. Nati ikikataa, ipashe moto kwa gesi mpaka iwe nyekundu, kisha ilegeze na kuikaza kidogo kidogo. Ukilazimisha, stadi (boliti isiyo na kichwa) itakatika ndani ya menifoldi, na kuitoboa ukiwa shimoni ni kazi ya siku nzima. Sensa ya nyuma imefungwa kwenye masega yenyewe: chomoa soketi yake kwanza ndipo uizungushe, la sivyo waya unajisokota na kukatika. Weka jeki chini ya masega kabla ya nati ya mwisho, maana ni mazito kuliko yanavyoonekana.

Nilipoyamulika kwa tochi, uso wa mbele ulikuwa umeyeyuka kama nta. Nilipong'oa silensa (kopo la nyuma la kupunguza kelele), vipande vya masega vilikuwa humo pia. Kagua silensa, kwa sababu vipande hivyo vitaziba upya. Masega ya zamani ondoka nayo mwenyewe: yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa vyuma wanalijua hilo.

Kuna ushauri wa kutoboa tundu kwa patasi na kuacha kopo tupu. Siupendi. Taa haizimi, moshi unawasha macho, na kelele za rotari isiyo na masega zinaudhi mtaa mzima. Masega ya bei rahisi ya kuchomelea nayo hayafai, kauri yake haivumilii joto la rotari. Nilichukua yaliyotumika ya RX-8 kutoka Dar es Salaam. Kabla ya kulipa, yatikise: yakilia kama njuga, achana nayo. Yamulike upande mmoja. Mwanga uonekane upande wa pili, na matundu yawe na kingo kali.

Kwenye kufunga, gasketi mpya zote mbili, nati mpya, na grisi ya shaba kwenye nyuzi. Silikoni ya tyubu usiipake, mvuke wake huua sensa ya oksijeni. Anza nati zote kwa mkono, kaza kwa zamu ili uso ukae sawa, na sensa zikazwe kwa Nm 40 hivi. Gasketi ya mbele ikivuja, masomo ya sensa yanapotoka na kompyuta inakosea kiasi cha petroli.

Nilifuta kosa, nikawasha, nikasikiliza viungo kabla havijapata moto. Baada ya safari ya kwanza na kupoa, nati zilikubali robo mzunguko tena. Geji ilisoma psi 1 kwenye 2,500, na kwenye kilima cha Iwambi gari ikavuta mpaka 8,000 bila kukabwa.