Nilikula barabarani Huế usiku wa mwezi mpevu

Tangu nirudi Mtwara kutoka Vietnam, swali ninaloulizwa sana halihusu viwanda vya korosho wala foleni za pikipiki. Watu wanataka kujua nilikuwa nakula nini. Anayeuliza huwa Muislamu kama mimi, na kinachomtia wasiwasi ni nguruwe. Ana haki. Vietnam nguruwe yumo hata kwenye chakula ambacho jina lake halimtaji. Chukua bún bò Huế, supu ya tambi iliyoupa mji wa Huế sifa. Inaitwa ya ng'ombe, na nyama ya ng'ombe kweli imo, lakini mchuzi wake wa kawaida huchemshwa pamoja na miguu ya nguruwe, na mara nyingi utaona vipande vya damu iliyogandishwa vikielea bakulini. Mtu akikwambia "hii ya ng'ombe" hajakudanganya, ila hajakueleza sufuria nzima.

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi. Korosho ghafi zetu nyingi huishia Vietnam, zikabanguliwe huko na kuuzwa duniani, na mimi kazi yangu ni ubora wa korosho, kwa hiyo nilikwenda kuona zinafikaje na zinapokewaje. Ho Chi Minh sikupata shida ya chakula. Upo msikiti katikati ya jiji, barabara ya Đông Du, na karibu yake pana migahawa ya halali. Ila Huế nilitaka kwenda kwa mapenzi yangu mwenyewe, na nilitaka kula barabarani, jioni, kwenye vigoda vya plastiki, pamoja na watu. Kwenda mji unaosifiwa kwa mapishi ukabaki hotelini na mayai ya kuchemsha, kwangu hiyo ingekuwa huzuni.

Aliyenifungulia mlango ni mama mmoja wa maabara ya kiwanda. Tulikuwa tunakata korosho kuangalia kiini, akaniuliza naondoka lini. Nilipomtajia tarehe akatazama kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe mbili, kubwa ya kawaida na ndogo ya mwezi, akasema nisogeze safari mbele kidogo ili nifike Huế siku ya rằm, tarehe 15 ya mwezi wao wa kuandama. Siku hiyo, akasema, mji mzima unapika chay.

Chay ni chakula kisicho na nyama wala samaki, kinachotokana na dini ya Budha. Watu wengi Vietnam hula hivyo tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi, na wengine huongeza siku ya kabla ya kila moja. Huế wamelishika jambo hili zaidi, maana ni mji wa mahekalu mengi na ulikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn tangu 1802 hadi 1945. Jikoni kwao pamezoea kazi ya mikono na sahani ndogo ndogo nyingi.

Hesabu za mwezi zilinigusa. Mwezi wao huanza siku ya mwezi mpya wenyewe, sisi tunasubiri uonekane, kwa hiyo rằm yao huangukia tarehe 13 au 14 kwetu. Ndizo siku za ayyamul bidh, ambazo mama yangu hazikosi kufunga labda awe mgonjwa. Kumbe wakati mama amefunga Mikindani, kuna mama mwingine Huế ameweka nyama pembeni, wote wawili wakiutazama mwezi uleule.

Ziara niliitafuta mtandaoni, za usiku zipo nyingi. Nilichofanya, na ninakisisitiza kwa yeyote atakayekwenda, ni kumwandikia kiongozi kabla ya kulipa. Nilimweleza kila kitu: sili nguruwe wala mafuta yake, sili nyama isiyochinjwa kihalali, sinywi pombe, samaki na vya majini nakula. Alijibu usiku uleule. Akasema siku ya rằm kazi yake itakuwa nyepesi, na kwamba atapitia vibanda mchana kabla hajatupeleka.

Alikuwa binti wa chuo, mwembamba, anasema taratibu. Tulikuwa kikundi kidogo, mimi na mtu na mkewe kutoka Ufaransa, tukaanza jua likizama, ng'ambo ya kusini ya Mto wa Manukato, yaani Sông Hương. Mbele ya nyumba na maduka watu walikuwa wametoa vimeza vyenye matunda, maua na ubani, wengine wanachoma karatasi za sadaka kwenye ndoo za bati. Moshi ulijaa mtaani. Mabango ya karatasi yenye neno CHAY kwa herufi kubwa yalikuwa yametundikwa hata kwenye vibanda ambavyo siku nyingine huuza nyama. Kariri neno hilo moja, litakufaa.

Kituo cha kwanza kilikuwa bánh bèo. Zinakuja kwenye vibakuli vidogo sana, vimepangwa juu ya ungo wa mianzi. Ndani ya kila kibakuli kuna tabaka jembamba la unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, laini, limebonyea katikati. Juu yake siku za kawaida huwekwa unga wa kamba wakavu na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Usiku ule ilikuwa choroko zilizopondwa, uyoga na vipande vya mkate vilivyokaangwa vikakauka. Unamwagia mchuzi wa soya wenye sukari kidogo na pilipili, unabandua kwa kibanzi cha mwanzi, unameza. Vibakuli vikiisha unavipanga kimoja juu ya kingine na mwenye kibanda anahesabu. Ni chakula cha adabu, mtu hawezi kukila kwa pupa.

Hapo ndipo nilipouliza swali langu gumu. Nilimwomba binti amuulize mwenye kibanda, mama wa makamo mwenye taulo begani, kama sufuria na mafuta ni yaleyale ya jana. Sikutaka kumvunjia heshima, lakini sikuweza kula bila kujua. Yule mama hakuchukia hata kidogo. Aliinuka, akatuonyesha chini ya meza: seti nzima ya vyombo imefungwa kwenye mfuko, ya siku za kawaida, na hii iliyoko jikoni ni ya chay peke yake. Binti akanifasiria kwamba wateja wake wa siku hii ni wakali kuliko mimi. Wapo wasiokula hata kitunguu wala kitunguu saumu. Bibi mmoja akinusa mafuta ya nguruwe kwenye mwiko anaondoka na harudi mwezi ujao.

Nilifarijika kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyekula kwa masharti. Safari zote, anayeuliza-uliza huwa mimi. Mimi ndiye ninayesimamisha meza nzima, mhudumu akaenda jikoni akarudi na jibu lisilo na uhakika. Pale masharti yalikuwa ya mji mzima, na yangu yalienea ndani yake bila mtu kusumbuka.

Kisha muhogo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

Kwenye kona ya kichochoro palikuwa na bibi aliyekaa juu ya kigoda kifupi, magoti yamemfikia kifuani, anafunga bánh lọc. Ni maandazi ya wanga wa muhogo. Wanga ule umekandwa na maji ya moto mpaka ukawa donge jeupe linalovutika. Bibi anakata kipande cha jani la mgomba, anapaka mafuta kwa kidole, anamega donge, analilaza, anaweka kijazo cha uyoga na choroko chenye pilipili manga, analifunika, anakunja jani mara mbili kwa urefu, ncha mbili zinaingia chini. Sikuona uzi wala kijiti. Jani linashikwa na mkunjo wake tu. Kila kifungo kilimchukua muda wa kutamka bismillahi polepole, na macho yake hayakuwa hata kwenye mikono yake, alikuwa anaongea na jirani. Kisha vinaingia kwenye mvuke. Ukifungua jani, ule weupe wote umeondoka. Andazi limekuwa angavu kabisa, unaona uyoga ulivyolala ndani na mistari ya jani imejichora juu yake. Ukiuma linavutika, linakurudisha.

Mimi nimezaliwa kwenye muhogo. Nimeula wa kuchemsha, wa nazi, wa kuchoma, nimetwanga makopa, nimesonga ugali wake. Sijawahi kuuona muhogo ukiwa kioo. Vietnam ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa wanga wa muhogo duniani, wakati sisi Kusini tunauhesabu kuwa chakula cha mwaka wa njaa, na hilo linaniuma. Nilimwambia bibi, kupitia kwa binti, kwamba kwetu zao hili lipo kila shamba. Akauliza tunalifungaje. Nikamweleza habari ya makopa, tunavyomenya na kuanika mpaka yakauke yalie yakigongwa. Akaacha kufunga, akasikiliza mpaka mwisho. Nimeshajaribu nyumbani kwa wanga wa dukani na majani ya mgomba wa uani, kijazo cha kamba wa Mikindani, na familia imekubali.

Tulipanda xích lô, ile baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria hukaa mbele na dereva anaendesha nyuma yake, tukaelekea mtaa wa Vĩ Dạ. Tulipita karibu na daraja la Trường Tiền, lililofunguliwa 1899, linalowashwa taa za rangi zinazobadilika usiku. Karibu na hapo, binti akatusimulia, ndipo palipomwagika damu Mei 1963, serikali ya Ngô Đình Diệm, rais wa Vietnam Kusini wakati huo, ilipokataza bendera za Kibudha zisipeperushwe siku ya kuzaliwa Budha na watu wakajitokeza kupinga. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuona vile vimeza vya ubani, nilielewa kwa nini watu hawakukubali.

Vĩ Dạ tulikwenda kwa ajili ya cơm hến, na hicho si chay. Ni kombe wadogo wa mtoni, hawazidi ukucha, wanaovuliwa karibu na kisiwa cha Cồn Hến palepale mjini. Wali umepoa kwa makusudi. Juu yake kombe, karanga, ufuta, ua la mgomba lililokatwa nyuzi, majani ya kunukia, pilipili, na mắm ruốc, ambao ni uduvi uliosagwa ukachachushwa na chumvi. Harufu ya mắm ruốc ni kali, lakini mtu wa pwani aliyekua na uduvi hatishiki. Mchuzi wa kombe unakuja pembeni, wa moto, mweupe. Kitu cha kuangalia ni mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa yakawa vipande vikavu, huwekwa juu bila kuulizwa. Binti alikuwa ameshaagiza changu kisiwekwe, bakuli langu likaandaliwa mbele ya macho yangu. Bei yake ni dong kumi na kitu elfu. Kwa hesabu ya haraka dong 10 ni kama shilingi 1 yetu, kwa hiyo hiyo ni shilingi elfu moja na kidogo, kwa chakula chenye kazi yote ile.

Supu ya tambi nayo niliila, bún ya chay. Mchaichai, nanasi, figili, uyoga, mafuta mekundu ya pilipili. Ni nzuri, sina zaidi ya kusema.

Mwisho chè, vitamu vya kuogelea kwenye maji ya sukari au tui la nazi, kwenye kibanda cha uchochoroni chenye sufuria nyingi zimepangwa safu. Fiwi zipo, zimemenywa zikawa njano ndani ya uji wa wanga. Mahindi mabichi yapo, mbegu za yungiyungi zipo, viazi vikuu vya zambarau vipo. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole kwenye sufuria yenye vidonge vidogo viangavu, nikidhani ni bánh lọc tamu, binti akanishika mkono. Ni chè bột lọc heo quay: ndani ya kila kidonge kuna kipande cha nguruwe wa kuchoma, kimo kwenye maji ya sukari na tangawizi. Kitamu chenye nguruwe! Hakuna tahadhari yoyote ambayo ingenifanya niulize nyama kwenye kitindamlo. Kwa hilo peke yake malipo ya kiongozi yamerudi. Nilichukua fiwi na tui, nikaongeza.

Wafaransa walimaliza kwa kahawa ya chumvi, iliyoanzia mjini hapo mwaka 2010 na sasa imeenea nchi nzima: kahawa nzito chini, povu la maziwa lenye chumvi juu. Nilionja, nikaagiza yangu.

Kwa anayejipanga kwenda: tafuta kalenda ya mwezi ya Vietnam mtandaoni, uone tarehe 1 na 15 zinaangukia lini. Ukizikosa, migahawa ya chay Huế ipo mwaka mzima, ila mtaani hutapata wingi ule. Epuka Oktoba hadi Desemba, mvua kule ni kubwa na mto hufurika ukaingia mjini. Mwandikie kiongozi masharti yako yote kwa maandishi, na umuulize moja kwa moja kuhusu sufuria, mafuta na mwiko. Akijibu kwa kifupi mno, tafuta mwingine. Mwenye kutaka namna nilivyofanya ule muhogo kwa wanga wa hapa kwetu aniambie, nitauandika peke yake, maana vipimo vya maji ya moto vinahitaji maelezo marefu.